Meli za Umbo Moja, Majina Elfu Mbili

Mtu akiambiwa kwa mara ya kwanza kwamba mnamo Novemba 1942 kiwanda kimoja cha Richmond, California, kiliunda meli ya shehena yenye urefu wa mita 134 kwa siku nne na saa 15, huuliza papo hapo: iliwezekanaje? Swali la pili huchelewa kidogo, nami naliona zito zaidi. Ikiwa watu hao walikuwa wanashindana na saa kiasi hicho, kwa nini walijenga jukwaa, wakaleta bendi na mgeni wa heshima, wakavunja chupa kwenye omo na kuiita meli kwa jina la mtu aliyekwisha kufa? Namba ingetosha. Kila chombo kilikuwa na namba yake ya kiwandani tayari, na injini haijui inaitwa nani.

Jibu lililozoeleka huyatenga maswali haya: uundaji ni kazi ya wahandisi, jina ni shamrashamra za wanasiasa. Sura hii inatetea jambo jingine. Jina lilikuwa sehemu ya uundaji, sawa na bamba la chuma na boila. Meli hizi ziliundwa haraka kwa sababu zote zilikuwa sawasawa, na usawa huohuo ndio uliozua haja ya majina, kwa kuwa maelfu ya watu walitakiwa kuzichomelea, kuzilipia na kuzipanda wakiziona kuwa zao. Ukilikubali hilo, orodha ya majina inakuwa ushahidi. Inaonyesha taifa lililokuwa vitani lilimhitaji nani, na lilikuwa tayari kumpa nini.

Hesabu isiyofunga

Uingereza ni kisiwa, na chakula, mafuta na chuma chake viliingia kwa bahari. Ujerumani ilijua hivyo, ikazituma nyambizi zake, yaani vyombo vya vita vinavyokwenda chini ya maji, zikawinde meli za biashara badala ya manowari. Katika mwaka 1942 peke yake, Mataifa Washirika yalipoteza zaidi ya meli 1,600 za biashara. Njia za kutoka zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ni kuzilinda meli, kwa misafara yenye walinzi, kwa rada na kwa ndege za masafa marefu. Ilifanikiwa, lakini ilichukua muda. Ya pili ni kuunda meli nyingi kuliko zinazozamishwa. Njia hii ya pili haina ushujaa wa kusimuliwa jioni. Ni hesabu ya kutoa na kujumlisha, ambamo kila tani inayoingia majini inapunguza pengo.

Hesabu hiyo ilifika hadi upande wetu wa bahari. Baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon mwezi Aprili 1942, kundi la manowari za Uingereza la Mashariki lilihamishia kituo chake Kilindini, Mombasa. Julai 1943 nyambizi ya Kijerumani iliizamisha meli ya Kimarekani iitwayo Robert Bacon, mojawapo ya meli tunazozizungumzia, katika Mlango wa Msumbiji. Februari 1944 meli ya abiria Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na wanajeshi, wakiwemo wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani na kuzama kwa dakika chache, ikaua karibu watu 1,300. Tena kuna mkonge. Ufilipino ilipoangukia mikononi mwa Wajapani, nyuzi za manila zilizosokotwa kamba za meli zilikatika sokoni, na mkonge wa Tanganyika na Kenya ukawa mali ya vita. Lakini robota za mkonge bandarini hazifungi meli yoyote gatini mpaka ipatikane meli ya kuzibeba.

Mchoro wa kizamani, kwa makusudi

Mwaka 1940 Uingereza ilituma ujumbe Marekani, ukiongozwa na Cyril Thompson wa ukoo wa waundaji meli wa Sunderland. Waliagiza meli 60 za mchoro wao: 30 ziundwe California na 30 Maine. Mchoro huo ndio Wamarekani walioufanyia marekebisho na kuugeuza kuwa meli za Liberty, jina lenye maana ya uhuru. Walibadilisha boila ili zitumie mafuta badala ya makaa ya mawe, wakakusanya vyumba vya mabaharia katikati ya meli, wakanyoosha sehemu zilizopinda ambapo bamba bapa lingefaa. Kuanzia 1941 hadi 1945 viwanda 18 viliunda meli 2,710 za namna hii. Hakuna meli kubwa nyingine iliyowahi kuundwa kwa wingi huo kwa mchoro mmoja.

Wanaopenda mitambo huvunjika moyo wakiifikia injini. Ilikuwa injini ya mvuke ya silinda tatu: mvuke kutoka kwenye boila huingia silinda ndogo, ukitoka hapo na nguvu iliyobaki huingia ya kati, kisha kubwa, ndipo hupozwa na kurudi kuwa maji. Teknolojia hiyo ni ya karne ya 19. Ilitoa nguvu ya farasi 2,500 na mwendo wa noti 11, takribani kilomita 20 kwa saa, na nyambizi ikiwa juu ya maji iliweza kuipita. Kwa nini taifa tajiri lichague injini ya babu? Kwa sababu injini za kisasa za tabo (turbini) zilihitaji giya za kuchongwa kwa usahihi mkubwa, na karakana zenye uwezo huo zilikuwa zimeshikwa na manowari. Injini ya mvuke iliweza kutengenezwa na kiwanda chochote chenye mashine nzito za kawaida, na kuendeshwa na fundi aliyefunzwa kwa miezi michache. Meli bora isiyokuwepo haibebi kitu. Hii iliyokuwepo ilibeba karibu tani 10,000. Kwa hesabu ya jeshi, magari ya jeep 2,840 au vifaru 440 katika safari moja. Rais Franklin Roosevelt, aliyependa sana vyombo vya baharini, alikiri kwamba sura yake haivutii, na magazeti yakaibandika jina la bata mbaya.

Siku 244, kisha 42

Ya kwanza, Patrick Henry, ililazwa mkuku mjini Baltimore tarehe 30 Aprili 1941. Mkuku ni uti wa mgongo wa chombo, na kuulaza ndiko kuanza kwa uundaji. Ilishuliwa, yaani ilitolewa chelezoni na kuingizwa majini, tarehe 27 Septemba, na ikakabidhiwa tarehe 30 Desemba. Jumla, siku 244. Kufikia 1943 wastani wa viwanda vyote ulikuwa kiasi cha siku 42, na kuna vipindi ambapo meli tatu zilikamilika kila siku.

Mfikirie fundi cherehani anayeshona suti ya mteja. Anapima, anakata, anashona, anamwita mteja ajaribu, anafumua, anashona tena. Sasa mpe sare 600 za shule moja. Hapimi mtu, anarundika vitambaa vingi na kukata mara moja, mmoja anashona mikono tu, mwingine kola tu, na sare nzima huonekana pale mwisho tu vipande vinapokutana. Meli ya zamani ilikuwa suti: mafundi walipanda chelezoni na kuiunda kipande kwa kipande, mkuku, mataruma, mabamba, kila kundi likingoja lililotangulia. Meli ya Liberty ilikuwa sare. Kichwa chote cha omo, tezi, vyumba vya juu na sehemu za sakafu viliundwa mbali na chelezo, mara nyingi vikiwa vimepinduliwa ili mchomeleaji afanye kazi akiangalia chini badala ya kunyoosha shingo juu, kisha kreni zikavinyanyua na kuvipachika. Chelezo, ambayo ndiyo ilikuwa shingo ya chupa, ikabaki mahali pa kuunganishia tu.

Badiliko la pili lilikuwa kuchomelea badala ya kupiga ribiti. Ribiti ni msumari mnene wa chuma unaopitishwa ukiwa moto katika matundu ya mabamba mawili na kugongwa ncha inayotokeza. Inahitaji kikosi cha watu wenye uzoefu, na mabamba lazima yapandane, jambo linaloongeza uzito. Kuchomelea kunayayeyusha mabamba yakawa kitu kimoja, na mtu mmoja hujifunza mshono wa aina moja kwa wiki chache. Hapo ndipo wanawake waliokuwa wauzaji wa duka, wakulima kutoka majimbo ya kusini na vijana wasiowahi kuiona bahari walipogeuka kuwa waundaji meli. Henry Kaiser, tajiri aliyeviendesha viwanda vya Richmond, mwenyewe alitokea kwenye ujenzi wa mabwawa na barabara na hakuwa ameunda meli hata moja kabla ya vita. Mara nyingi hadithi hii husimuliwa kama ushindi wa kipaji chake. Nadhani kutojua kwake kulisaidia zaidi kuliko kipaji: hakuwa na desturi ya kuacha.

Na ile meli ya siku nne? Iliitwa Robert E. Peary. Mkuku ulilazwa tarehe 8 Novemba 1942 katika Kiwanda Namba 2 cha Richmond, na tarehe 12 ikawa majini. Siku tatu baadaye ikakabidhiwa. Miezi michache kabla, kiwanda cha Oregon kilichosimamiwa na mwana wa Kaiser kilikuwa kimeshusha meli kwa siku kumi, na Richmond haikukubali kushindwa. Vipande viliandaliwa kabla, vikapangwa, ndipo saa ikaanza kuhesabiwa. Ilikuwa maonyesho, na haikurudiwa. Anayetaka kuelewa vita aishike ile namba ya 42, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyotimizwa kila mwezi na watu waliochoka.

Kwa ufupi, kasi ilitokana na mambo haya:

- mchoro mmoja usiobadilishwa kila mara;
- vipande vikubwa kuundwa nje ya chelezo;
- kuchomelea badala ya ribiti;
- kazi kukatwa vipande vidogo ambavyo mtu mgeni angeweza kujifunza haraka.

Jambo la mwisho ndilo linalotupeleka kwenye majina. Kazi iliyokatwa vipande vidogo inachosha roho. Mtu anayechomelea mshono uleule zamu nzima, usiku, kwenye baridi, haoni meli, anaona mshono. Serikali ilihitaji arudi kesho, na asihamie kiwanda kingine kinacholipa senti chache zaidi.

Nani alistahili kuitwa

Majina yalipangwa na Tume ya Usafiri wa Baharini ya Marekani, chombo cha serikali kilichoziagiza meli zenyewe. Sharti kuu lilikuwa kwamba mwenye jina awe amefariki. Walianza na waliotia sahihi Azimio la Uhuru la 1776 na wanasiasa wa zama hizo, kisha orodha ikawaishia, kwa kuwa hakuna taifa lenye mashujaa 2,710 wanaokumbukwa na kila mtu. Wakaingia wanasayansi, washairi, marais wa vyuo, wahariri, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, mabaharia waliouawa katika vita hivyohivyo. Wakaingia wanawake, kama Pocahontas na rubani Amelia Earhart. Wakaingia hata wasio Wamarekani, kama Simon Bolivar na Toussaint L'Ouverture wa Haiti.

Mlango mwingine ulikuwa wa fedha. Serikali iliuza dhamana za vita, yaani hati ambazo mwananchi hununua leo na kurudishiwa fedha zake na faida miaka baadaye; ni mkopo kwa serikali. Kikundi kilichouza dhamana za dola milioni 2, ambazo ni karibu gharama ya meli moja, kiliruhusiwa kupendekeza jina. Hapa hoja yangu inashikika kwa mkono. Jina liliuzwa kwa bei ya meli. Watoto wa shule, majimbo na vyama walikusanya fedha kwa ajili ya chombo ambacho wangeweza kukitaja, jambo ambalo namba haikuweza kuwafanyia. Vivyo hivyo sherehe za kushusha: fursa ya kuvunja chupa iligeuka heshima ambayo kiwanda kilimpa mtu au kundi la watu, bila kuongeza dola moja kwenye mishahara.

Sharti la kifo lilikuwa na ajali zake. Francis O'Gara alikuwa karani wa meli Jean Nicolet iliyozamishwa na Wajapani katika Bahari ya Hindi Julai 1944, na wengi wa waliokuwemo wakauawa baada ya kujisalimisha. Alidhaniwa amekufa, meli ikaitwa kwa jina lake. Vita vilipokwisha alitoka katika kambi ya wafungwa akiwa hai, mtu pekee aliyeishi kuiona meli ya Liberty yenye jina lake. Na sharti hilohilo lilikuwa na upande mwingine usiotajwa sana. Ile meli ya maonyesho ilimheshimu Robert Peary, aliyedai kufika Ncha ya Kaskazini mwaka 1909. Aliyekuwa naye bega kwa bega katika safari hiyo, Mmarekani mweusi Matthew Henson, hakuweza kupata meli hata kama Tume ingetaka, kwa sababu alikuwa hai mjini New York. Alifariki mwaka 1955. Jeshi la Majini la Marekani lilikuja kumpa meli ya utafiti katika miaka ya 1990.

Booker T. Washington na nahodha wake

Tarehe 29 Septemba 1942, katika kiwanda cha California Shipbuilding karibu na Los Angeles, ilishushwa meli ya kwanza ya Liberty kupewa jina la Mmarekani mweusi: Booker T. Washington. Aliyevunja chupa alikuwa mwimbaji Marian Anderson, ambaye miaka mitatu kabla alikataliwa kuimba katika ukumbi mkubwa wa mji mkuu kwa sababu ya rangi yake.

Uchaguzi wa jina unasema mengi. Washington alizaliwa utumwani mwaka 1856, akaanzisha chuo cha Tuskegee mwaka 1881, akawahimiza watu wake wajifunze ufundi na kilimo kwanza na kuahirisha madai ya siasa. Wasomaji wa Kenya wamekutana na kivuli chake bila kujua: Shule ya Jeanes iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925 ilifuata mtindo wa elimu ya vijijini ulioigwa kwake. Wapinzani wake, W. E. B. Du Bois akiwa mbele, walimwona mtu wa kuwaridhisha wazungu. Kwa Tume iliyotaka nguvu kazi ya watu weusi bila kuwaudhi maseneta wa kusini, hilo lilikuwa jina salama kuliko yote. Lakini tazama yaliyofuata. Mwaka 1943 ikaja Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka na kupigana kwa kalamu; ilizamishwa Atlantiki ya Kaskazini Septemba mwaka huohuo. Ikaja George Washington Carver, miezi minne tu baada ya mwanasayansi huyo kufariki. Juni 1944, huko Maine, ikaja Harriet Tubman, mwanamke aliyewatorosha watumwa kwa siri. Majina yalizidi ukali kadiri mahitaji ya vita yalivyozidi. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mtu mpole uliwapitisha wengine.

Kilichoipa Booker T. Washington uzito ni mtu aliyeketi kwenye chumba cha nahodha. Hugh Mulzac alizaliwa mwaka 1886 katika kisiwa cha Union, Saint Vincent na Grenadines. Alikuwa na cheti kamili cha unahodha tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akafanya kazi katika Black Star Line, kampuni ya meli ya Marcus Garvey, na kampuni hiyo ilipokufa akabaki miaka ishirini akipika katika meli ambazo angeweza kuziongoza. Mwaka 1942 alipoitwa, alipewa sharti: mabaharia wote wawe weusi. Akakataa. Alitaka mabaharia wa kila rangi, kama meli nyingine yoyote, na akasimama hapo mpaka akakubaliwa. Chini yake meli ilifanya safari 22 za kwenda na kurudi na kubeba wanajeshi 18,000. Serikali ilikuwa na jina zuri na haikuwa na nahodha wa kulifanya liaminike. Mwenye cheti alilijua hilo, akapanga bei.

Je, haraka haikuua?

Pingamizi la kwanza lina mashiko. Meli zilizochomelewa zilipasuka. Nyufa kubwa na ndogo ziliripotiwa kwa mamia na mamia, na meli chache zilikatika vipande viwili. Novemba 1943, John P. Gaines ilikatika karibu na Alaska, wakafa watu kumi. Wengi walisema: haya ndiyo matokeo ya kuwapa wauza duka mashine za kuchomelea.

Uchunguzi ulionyesha sababu pana zaidi. Mtaalamu wa metali Constance Tipper, wa Cambridge, alieleza kwamba chuma kilichotumika kilipoteza unyumbufu wake katika baridi. Badala ya kupinda, kilivunjika ghafla. Milango ya ngama, yaani matundu ya kuingizia shehena, ilikuwa na pembe za mraba, na nguvu za mawimbi zilijikusanya katika pembe hizo. Katika meli ya ribiti ufa hukoma bamba linapoishia. Katika meli iliyochomelewa bamba haliishii popote, ufa unapita. Mishono mibovu ilikuwepo pia, lakini kumtwika mchomeleaji lawama yote ni kuwaficha waliochagua chuma na kuchora pembe. Tiba ilikuwa ya kawaida: pembe zikaviringwa, mikanda ya chuma ikafungwa kwa ribiti kuzuia ufa usiendelee. Meli zilizokusudiwa kuishi miaka mitano zikafanya kazi zaidi ya ishirini. Basi ndiyo, haraka iliua watu, na ningeona vibaya kulifunika hilo kwa takwimu. Lakini kila mwezi wa kungoja chuma bora nao ulikuwa na wafu wake, katika meli za zamani zilizokuwa zinazamishwa.

Je, jina halikuwa hongo ya bei nafuu?

Pingamizi la pili ni kali zaidi. Meli zenye majina ya watu weusi hazikufika ishirini kati ya 2,710, chini ya asilimia moja, kwa jamii iliyokuwa takribani sehemu moja ya kumi ya Wamarekani. Na viwandani, chama cha wafanyakazi wa boila, ambacho bila uanachama wake mtu hakuajiriwa, kiliwaweka weusi katika matawi ya pembeni: walilipa ada, hawakupiga kura. Halafu kuna Port Chicago. Tarehe 17 Julai 1944, katika gati hilo la California, meli ya Liberty E. A. Bryan, iliyobeba jina la rais wa chuo, ililipuka wakati mabaharia weusi wakiipakia mabomu bila mafunzo ya kutosha. Watu 320 walikufa, 202 kati yao weusi. Walionusurika walipokataa kurudia kazi ileile kwa namna ileile, 50 walihukumiwa kwa uasi. Jeshi la Majini liliwasafisha rasmi Julai 2024.

Anayesema jina la Booker T. Washington lilikuwa pambo la kufunika haya yote ana ushahidi mkononi. Mimi sipingi kwamba Tume ilitaka pambo. Ninachopinga ni kwamba pambo lilibaki mikononi mwa aliyelitoa. Serikali iliyoandika jina la mtu mweusi kwenye omo ilitoa ahadi hadharani, na watu wakaidai. Mulzac aliidai kwenye meli. Kule Sausalito, mchomeleaji Joseph James na wenzake waligoma kulipa ada za tawi la pembeni, wakaenda mahakamani, na mwishoni mwa 1944 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwamba chama kinachoshikilia ajira zote hakiwezi kumnyima mtu uanachama kamili kwa rangi yake. Siwezi kusema majina ya meli yalishinda kesi hiyo. Kesi na majina vilitoka katika haja moja: kiwanda kisingefikia siku 42 bila watu hawa, nao walikuwa wanajua.

Litaulizwa pia: kama jina lilikuwa na kazi kubwa hivyo, mbona Waingereza hawakulihitaji? Walikopeshwa karibu meli 200 za Liberty, wakazipa majina yanayoanza na herufi zilezile tatu, Samtampa, Sambridge na kuendelea, ambayo hayamkumbuki mtu. Zilisafiri vizuri tu. Naona mfano huu unanisaidia. Waingereza walipokea meli zilizokwisha kuundwa, kulipiwa na kushangiliwa ng'ambo. Wao walihitaji kuzitofautisha kwenye karatasi. Ni yule anayetafuta mikono na fedha za kuunda ndiye aliyehitaji mashujaa.

Vita vilipokwisha

Mwaka 1946 na 1947 Marekani iliuza meli hizi kwa bei nafuu. Wagiriki walinunua 100 kwa dhamana ya serikali yao, Waitaliano karibu idadi hiyo, na majina ya maseneta na washairi yakapakwa rangi juu yake, yakaandikwa mengine. Hakuna aliyelalamika, hapakuwa tena na dhamana za vita za kuuza wala zamu za usiku za kujaza. Leo mbili zinazosafiri bado zimebaki na majina yao, Jeremiah O'Brien mjini San Francisco na John W. Brown mjini Baltimore. Ya tatu iko Piraeus ikiitwa Hellas Liberty, na iliundwa ikiwa Arthur M. Huddell.

Booker T. Washington iliondolewa kazini mwaka 1947, na Mulzac hakupewa meli nyingine. Alikuwa amefanya safari zote hizo bila kuipoteza, lakini makampuni ya meli yalirudi yalipokuwa kabla ya vita. Katika miaka ya msako dhidi ya wakomunisti aliwekwa kwenye orodha ya wasiotakiwa na kunyang'anywa vyeti vyake vya ubaharia. Mwaka 1960 jaji wa shirikisho aliamuru arudishiwe. Akiwa na miaka 74 alipata kazi tena kwenye meli, ofisa wa zamu ya usiku.